ASKOFU VAN SAMBEEK NA MILIMA YETU YA BUHA

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, alinipa uhuru wa kuchagua habari yoyote iwezayo kuwafaa wenzetu waliokwisha kutawanyika na vijana walioko darasani sasa. Sikukawia kuchagua. Katika mkutano uliopita, tulipokuwa tumekaa chini ya miti nyuma ya bwalo tukisubiri chakula, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali lililonishinda papo hapo. Alitaka kujua watawa na wamisionari wale wa zamani walikuja kutufanyia nini hasa, na kama watu wa namna hiyo wana kazi yoyote tena katika nchi yenye serikali yake, hospitali zake na vyuo vyake. Nilimjibu kwa maneno ya jumla, kama tulivyozoea sisi maofisa tunapoulizwa jambo tusilolifanyia kazi. Kijana alinishukuru kwa adabu, lakini niliona wazi kuwa hakuridhika. Mimi pia sikuridhika.

Basi makala haya ni jibu langu kwa kijana yule, nami nimeona afadhali nimjibu kwa kueleza maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo ni marehemu Askofu Jan van Sambeek, ambaye jina lake wazee wa Kasulu na Kibondo walilijua vema, lakini vijana wengi wa siku hizi hawalijui kabisa.

Kwanza niondoe kosa moja ambalo hata sisi wakubwa hulifanya. Kwetu sisi kila mgeni aliyevaa kanzu nyeupe na rozari shingoni aliitwa mtawa. Watawa hasa, kama vile Wafransisko, Wakapuchini na Wadominiko, ni wale walioweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Katika nchi yetu Wakapuchini kutoka Uswisi walipewa sehemu za Dar es Salaam na Mahenge tangu mwaka 1921, na mmoja wao, Edgar Maranta, alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam mpaka mwaka 1968. Milima yetu iliangukia mikononi mwa shirika jingine, yaani Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao huitwa Mapadre Weupe. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, na kundi lake la kwanza lilifika Ujiji mwezi Januari 1879. Hao hawaweki nadhiri za kitawa, bali hula kiapo. Hata hivyo maisha yao yalikuwa ya kitawa kwa kila hali: hawakuoa, walikwenda walikotumwa, na walikatazwa kukaa pungufu ya watatu katika misheni moja. Tena Lavigerie aliwaagiza wajifunze lugha ya watu waliopelekwa kwao, na waitumie wao kwa wao. Agizo hilo la mwisho nitalirudia, maana ndilo kiini cha habari yangu.

Jan van Sambeek alizaliwa Uholanzi mwaka 1886. Alipokwisha kuwa padre katika shirika hilo alitumwa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, akakaa miongoni mwa Wabemba. Huko kazi yake kubwa ilikuwa shule na mafunzo ya walimu. Wakati ule serikali ya kikoloni iliziachia misheni karibu mzigo wote wa elimu ya Waafrika, na padre aliyesimamia shule ilimpasa kuwa mkaguzi, mhasibu, mwandishi wa vitabu na msuluhishi wa magomvi ya walimu kwa wakati mmoja. Katika kazi hiyo alijifunza Kibemba hata akaweza kuandika sarufi yake, iliyochapishwa mwaka 1955. Mtu aandikaye sarufi ya lugha ya wenyeji hawezi kudai kuwa wenyeji hao hawana utaratibu katika kufikiri kwao, kwa kuwa sarufi yenyewe ndiyo ushahidi wa utaratibu huo.

Mwaka 1936 Askofu Joseph Birraux, aliyekuwa akiongoza Vikarieti ya Tanganyika, alichaguliwa kuwa mkuu wa shirika lote. Mahali pake akawekwa Padre van Sambeek, akapewa uaskofu. Makao yalikuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome yao na kuwaachia Mapadre Weupe mwaka 1885. Sehemu aliyopewa kuisimamia ilikuwa kubwa mno, kutoka Ufipa kusini mpaka kwetu kwenye mpaka wa Burundi. Huko Karema alimkuta Adrian Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomea uganga Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889. Atiman hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa katekista na mganga mwenye mke, naye aliwatibu watu wa sehemu zile mpaka alipofariki mwaka 1956. Namtaja hapa ili vijana wasidhani kuwa kazi ya misheni ilifanywa na wageni peke yao. Bila akina Atiman, na bila mamia ya makatekista ambao majina yao hayakuandikwa popote, maaskofu wangebaki wakihubiria miti.

Tarehe 10 Mei 1946 vikarieti ile kubwa iligawanywa. Kusini kulikokuwa na Wakristo wengi kukaitwa Karema, na kaskazini kukawa Vikarieti mpya ya Kigoma. Askofu van Sambeek akahamishiwa upande huu mpya na mgumu. Sisi watumishi wa serikali tunafahamu maana ya kuhamishwa kutoka kituo kilichokwisha kujengeka na kupelekwa mahali pa kuanza upya. Tena tukumbuke umri wake. Mwaka ule alitimiza miaka 60, umri ambao mimi na wenzangu tutastaafu kwa lazima na kurudi nyumbani kufuga kuku. Yeye ndiyo kwanza alikuwa akianza.

Je, alizikuta vipi Kasulu na Kibondo? Nchi ya Buha ilikuwa imegawanyika katika falme za zamani, kama vile Heru upande wa Kasulu, na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, kila moja na mwami wake. Heru ilikuja kujulikana sana chini ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha wafalme. Watu wetu walikuwa wamepita mikononi mwa watawala watatu kwa muda mfupi: Wajerumani, kisha Wabelgiji walioingia mwaka 1916, kisha Waingereza waliokabidhiwa sehemu hii mwaka 1921. Halafu ukaja ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1930, na hasa kuanzia mwaka 1933, serikali iliwahamisha watu wengi wa Kibondo na Kasulu kutoka kwenye makazi yao ya asili na kuwakusanya mahali pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Walionusurika na malale walipoteza mashamba na makaburi ya babu zao, na pori likamea pale palipokuwa na migomba. Juu ya hayo kulikuwa na kodi. Kwa kuwa nchi haikuwa na reli ila ile ya kwenda Kigoma, wala zao kubwa la biashara, vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga, wakiitwa manamba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alirudi na blanketi, sufuria mbili, na Kiswahili cha pwani alichokitumia akitaka kuwashangaza majirani.

Katika hali hiyo ndipo misheni zilipopanuka. Si Wakatoliki peke yao waliofanya kazi. Waanglikana wa C.M.S. walikuwapo, na Waadventista nao wakajenga hospitali ya Heri. Lakini kwa upande wa Askofu van Sambeek kitovu kilikuwa Kabanga, karibu na Kasulu, ambako mpaka leo iko hospitali inayotegemewa na watu wengi. Utaratibu wa Mapadre Weupe ulikuwa mkali. Mtu hakubatizwa ovyo. Alipita miaka minne ya kufundishwa na kupimwa, na mwenye wake wawili au mwenye kushiriki matambiko ya mizimu hakupokelewa mpaka ameyaacha. Makatekista walifundisha vijijini, mara nyingi katika vibanda vya nyasi vilivyokuwa kanisa siku ya Jumapili na shule siku nyingine. Hapo ndipo wazee wetu wengi walipojifunza a, e, i, o, u. Nani anaweza kusema kuwa shule yetu hii ingekuwa na wanafunzi, kama vibanda vile visingetangulia?

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Bibi yangu mzaa mama alibatizwa akiwa msichana. Mama yake alikuwa miongoni mwa watu wa kubandwa, yaani wale waliopagawa na kusema kwa niaba ya mizimu, ambao watu waliwaendea wakati wa ugonjwa, utasa na ukame. Nilipokuwa mwanafunzi hapa nilimwuliza bibi mara nyingi habari za mama yake: alivaa nini, aliimba nini, watu walimlipa nini. Kila mara alinijibu kuwa mambo hayo aliyaacha nje ya mlango wa kanisa, na kitu kilichoachwa nje usiku huliwa na fisi. Alikuwa mwanamke wa sala, mpole kwa kila jambo ila hilo. Amefariki bila kuniambia hata neno moja. Mama yangu hajui lolote, na mimi Kiha changu chenyewe ni cha kuombea maji, kwa sababu maisha yangu yamepita katika mabweni, chuoni, na katika vituo vya kazi ambako Kiswahili kinatosha.

Basi siku moja nikiwa Chuo Kikuu, katika kutafuta vitabu vya kuandikia insha ya mwaka wa pili, nilikuta katika orodha jina la kitabu kuhusu imani na desturi za Waha, juzuu mbili, kilichotolewa Kabanga mwaka 1949 na 1950. Mwandishi: J. van Sambeek. Nilisimama pale nikiwa nimeduwaa. Askofu mwenyewe, aliyeongoza Kanisa lililomtaka bibi yangu aache mambo ya mama yake mlangoni, alikuwa amekaa akayaandika! Nikaona nimepata hazina. Lakini kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo sikuwahi kufundishwa hata siku moja.

Sitaficha kuwa nilikasirika. Nilijiona kama mtu aliyekuta sanduku la urithi wa nyumba yao limefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko ng'ambo. Hasira ile ilidumu miaka kadhaa. Nilijiuliza kama askofu aliandika ili kuhifadhi desturi zetu au ili kuwasaidia mapadre wake kuzing'oa vizuri zaidi. Leo, nikiwa nimepita miaka arobaini, nadhani yote mawili ni kweli, wala hayapingani katika moyo wa mtu mmoja. Mmisionari wa wakati ule aliamini kwa dhati kuwa mizimu lazima iachwe. Lakini aliamini pia kuwa hawezi kumfundisha mtu asiyemjua, na kuwa Mungu ambaye Waha walimwita Imana tangu zamani ni jina linalostahili kusikilizwa kwa makini kabla ya kuhubiri lolote. Kwa hiyo alikaa na wazee, akauliza, akaandika. Ni wasomi wangapi kati yetu, wenye shahada na vinasa sauti mkononi, waliokwisha kufanya hivyo kwa babu zao wenyewe? Mimi sikufanya. Nilimwuliza bibi wakati nilipotaka mimi, na aliponikatalia nikaona nimetimiza wajibu wangu. Sikumwuliza jirani yake, wala dada yake, wala wazee wengine wa kijiji ambao pengine wangesema.

Hatimaye nilinunua kamusi. Sasa nasoma kitabu kile kwa kuchechemea, kurasa chache kwa mwezi, jioni baada ya kazi. Raha yangu ni pale ninapokutana na neno la Kiha limesimama katikati ya Kifaransa kama mtu wa kwetu aliyepotea mjini. Mara nyingi ni neno ambalo bibi alilitumia jikoni bila kujali. Mwanangu mkubwa huja kuketi karibu, nami humtamkia. Hunisahihisha yeye, kwa kuwa hujifunza kwa mama mkwe wangu wakati wa likizo.

Nirudi kwa askofu. Tarehe 25 Machi 1953 vikarieti za nchi yetu zilifanywa majimbo kamili, naye akawa Askofu wa kwanza wa Jimbo la Kigoma. Mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 71, alijiuzulu. Nafasi yake ilichukuliwa na Askofu James Holmes-Siedle wa shirika hilohilo, na mwaka 1969 jimbo likapata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Alphonse Nsabi. Van Sambeek hakuishi kuiona siku hiyo, kwa maana alifariki mwaka 1966. Wako wanaosema mabadiliko hayo yalichelewa, na mimi ni mmoja wao, maana kule Masaka, Uganda, Askofu Joseph Kiwanuka wa shirika hilihili la Mapadre Weupe aliwekwa wakfu mwaka 1939, na kwetu Laurean Rugambwa aliteuliwa mwaka 1951. Lakini haki itendeke: seminari na shule walikotoka mapadre wazalendo zilijengwa na wageni waliojua kuwa siku moja watawaachia wengine viti vyao.

Mambo mengine yalibadilika baada ya kifo chake. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za mashirika zilichukuliwa na Serikali, ili mtoto yeyote asome bila kuulizwa dini yake. Lilikuwa jambo la haki, na wengi wetu tumenufaika nalo. Halafu wakaja wakimbizi: kutoka Burundi mwaka 1972, tena mwaka 1993, na kutoka Kongo, hata kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi, na wengi wa umri wangu tunakumbuka misafara ile barabarani, akina mama wenye magodoro kichwani na watoto wasiolia kwa uchovu. Serikali ilifanya kazi, mashirika ya kimataifa yalifanya kazi. Lakini mikataba ya mashirika hufika mwisho, fedha hupungua, magari huondoka. Mapadre, mabruda na masista walikuwapo kabla ya misafara ile, wakabaki wengine walipoondoka.

Hili ndilo jibu langu kwa kijana wa kidato cha tatu. Serikali imechukua shule, ni sawa. Dawa hutolewa na wizara, ni sawa pia. Lakini iko kazi ambayo haina kifungu katika bajeti, nayo ni kukaa na watu mpaka uwajue. Mtumishi kama mimi hukaa wilayani miaka mitatu au minne, akaandika taarifa zake kwa Kiswahili fasaha, akahamishwa kabla hajajua mwenye nyumba anayepakana naye analia nini usiku. Mtu aliyeacha mke, watoto na nchi yake, akajifunza kusema upya akiwa na miaka 60, alikuwa na nafasi ya kusikia mambo ambayo faili haliyasikii. Alikosea katika mengine, hasa pale alipodai watu waache vitu ambavyo vingeweza kusafishwa vikatumika. Lakini alisikiliza, na alichokisikia hakukifukia. Kama jamii ya leo bado inahitaji watu wa namna hiyo, wawe watawa au wasiwe watawa, kila mmoja wetu na apime mwenyewe akitazama kijiji chake.

Sitaki kumaliza kwa maneno matupu. Napendekeza kwa uongozi wa chama chetu, na kwa Mkuu wa Shule, kuwa kila mwanafunzi anayekwenda likizo apewe daftari moja. Aandike ndani yake mambo atakayoyasikia kwa mzee mmoja wa kwao: majina ya vilima, methali, dawa, jinsi watu walivyooana, walivyozika, walivyomwomba Imana mvua. Aandike kwa Kiha, au kwa lugha ya kwao kama si Muha, na tafsiri ya Kiswahili pembeni. Madaftari hayo yawekwe katika maktaba yetu. Mimi nimejitolea kulipia madaftari mia moja ya kwanza, na wenzangu wawili wa darasa letu wameahidi kabati la kuyawekea.

Wazee waliobaki ni wachache, na kila msimu wa mvua tunazika wengine. Nawaomba vijana wasikubali kukataliwa mara moja kama nilivyokubali mimi. Mzee mmoja akinyamaza, waende kwa wa pili. Hivyo mjukuu wao akitaka kujua walitoka wapi, asilazimike kwanza kununua kamusi.